Usioshe Sampu Kabla ya Kuisoma

Land Rover ya Mwalimu iliingia kwenye kibanda cha fundi pale Kianjai saa mbili na nusu asubuhi, injini ikiwa bado moto. Fundi hakungoja ipoe. Alimwita mwanagenzi wake alete karai, akajipenyeza chini ya gari na spana mkononi, akalegeza plagi ya sampu. Oili ilitoka kwa nguvu, nyeusi tititi, unene wa kidole gumba, kisha ikapungua ikawa uzi, kisha matone. "Hiyo usimwage," fundi akasema akiwa bado kule chini. "Iweke kando uifunike. Tutaitazama."

Gari lenyewe ni Series III, toleo lililoanza kuundwa mwaka 1971 na kukoma mwaka 1985. Namba yake ya usajili ni ile ya zamani isiyo na herufi mwishoni. Chini ya boneti mna injini ya petroli ya mitungi minne, sentimita za ujazo 2286, ukoo mmoja na ile iliyoanza kufungwa kwenye Land Rover mwaka 1958. Barabara hii ya Meru kwenda Maua imeyajua magari ya aina hii kwa miaka mingi. Ndiyo njia ya kwenda Mbuga ya Meru, alikozikwa simba jike Elsa kando ya Mto Ura mwaka 1961, na ndiyo njia ya kushuka kutoka milima ya Nyambene na mizigo ya miraa, viazi na watu. Siku hizi kazi hiyo imechukuliwa na Probox na Hilux. Land Rover zilizobaki zimekuwa mali ya wazee wasiotaka kuachana nazo, na Mwalimu, aliyestaafu kufundisha shule ya msingi, ni mmoja wao.

Alikuwa amekalia kigoda kando ya mlango, akieleza ugonjwa wa gari lake kwa utaratibu. Gari likisimama huku injini inanguruma, taa ya oili haiwaki. Likitembea tambarare, haiwaki. Akishika mlima kuelekea Muthara na kukanyaga mafuta, taa inaanza kupepesa. Akiondoa mguu, inazimika. Makanika mmoja alikuwa amemwambia kwamba beringi zimekwisha, krenki lazima ikachongwe upya, na bei aliyotajiwa ilimfanya afikirie kuliuza gari kwa kilo.

"Mwalimu, inawaka ukikanyaga, sio ukisimama?"

"Nikisimama haiwaki hata kidogo, fundi."

"Basi tushushe sampu kwanza. Mambo ya krenki tusiyaseme bado."

Swali hilo fupi lilikuwa limebeba fizikia nzito. Sampu ni bakuli la bati la chuma lililofungwa kwa bolti chini kabisa ya injini. Kwenye Land Rover hii hubeba lita 6 hivi za oili. Ndani yake inaning'inia pampu, na mdomo wa pampu umevishwa chujio la waya. Injini ikizunguka, pampu nayo inazunguka, inafyonza oili kupitia chujio na kuisukuma kwenye vijia vilivyotobolewa ndani ya chuma hadi kwenye beringi za krenki, kwenye konrodi, kwenye valvu, kisha oili inadondoka na kurudi sampu. Safari haina mwisho mpaka ufunguo uzimwe.

Sasa, beringi zikiwa zimelika, nafasi kati ya beringi na krenki huwa pana na oili huponyoka kwa urahisi. Ugonjwa huo huonekana injini ikiwa moto na inazunguka polepole, kwa sababu hapo oili imekuwa nyepesi na pampu inaleta kidogo. Ukikanyaga mafuta pampu inaongeza kasi, shinikizo linapanda, taa inazimika. Chujio likiziba, mambo yanageuka. Polepole, oili kidogo inayohitajika hupenya. Ukiharakisha, pampu inataka nyingi na chujio halitoi. Mtu aliyewahi kunywa uji mzito kwa mrija anajua: ukivuta taratibu unapata, ukivuta kwa pupa mrija unajikunja na unaambulia hewa. Gari la Mwalimu lilikuwa linalalamika mlimani, sio stendi. Makanika wa kwanza alikuwa amesikia habari ya taa bila kuuliza ilikuwa inawaka wakati gani.

Kwa nini shinikizo la oili liwe jambo la kufa na kupona? Hapa inafaa turudi nyuma hadi Uingereza mwaka 1883. Mhandisi aliyeitwa Beauchamp Tower alikuwa akifanya majaribio kwa niaba ya taasisi ya wahandisi wa mitambo kuhusu beringi za ekseli za treni. Alikuwa na mhimili unaozunguka huku sehemu yake ya chini imezama ndani ya oili, na juu yake beringi iliyobebeshwa uzito. Beringi ile ilikuwa na tundu juu, la kutilia oili. Mhimili ulipozunguka, oili ikaanza kupanda na kutoka kupitia tundu hilo. Tower akaliziba kwa kizibo. Kizibo kikasukumwa nje. Akagongomea kipande cha mti. Nacho kikatoka. Alipofunga geji, ilipita pauni 200 kwa inchi ya mraba, ilhali uzito wote uliokuwa juu ya beringi ukigawanywa ulikuwa pauni 100 hivi tu kwa inchi ya mraba.

Maana yake ni kwamba chuma hakikuwa kinagusa chuma. Mhimili, kwa kuzunguka kwake, ulikuwa unaikokota oili na kuisukumia kwenye kipenyo chembamba mpaka oili inaubeba mzigo mzima. Miaka 3 baadaye, mwaka 1886, Osborne Reynolds aliandika hesabu inayoeleza jambo hilo, na hesabu hiyo ndiyo inayotumika hadi leo kuchora beringi za injini. Dereva wa Kianjai ameliona jambo hilo hilo kwa sura nyingine: mvua kubwa ikinyesha juu ya lami, gari likienda kasi, tairi hupanda juu ya maji na usukani unakuwa mwepesi ghafla. Maji yamejipenyeza chini ya tairi kama kabari na kuliinua. Kwa tairi hiyo ni hatari. Kwa krenki ndiyo uhai wenyewe. Utando huo wa oili ni mwembamba kuliko unywele wa binadamu mara kumi au zaidi. Pampu kazi yake ni kuhakikisha oili inafika pale isikose. Ikikosa hata kwa muda mfupi, chuma kinagusa chuma, joto linapanda, na beringi inayeyuka ikigandia krenki.

Fundi aliinua gari kwa jeki, kisha akaweka magogo ya mti mgumu chini ya chesisi kabla ya kurudi chini. Jeki peke yake haiaminiki, na watu wamekufa kwa kuiamini. Bolti zinazoshika sampu zimepangwa kuizunguka pande zote. Alizilegeza zote nusu mzunguko kwanza, akiruka kutoka upande mmoja hadi wa pili, ndipo akaanza kuzitoa. Mbili za mwisho aliziacha zikishika kwa nyuzi chache ili sampu isije ikamwangukia usoni na masalia ya oili. Sampu haikutoka. Gasketi ilikuwa imeshikana nayo. Mwanagenzi alikuwa tayari ameshika bisibisi ili achokonoe, fundi akamzuia. Bati la sampu ni jembamba, na bisibisi ikiingizwa kwa nguvu hulikunja mdomo, basi hata ufunge gasketi mpya mara ngapi, itavuja tu. Alichukua nyundo ya mpira akagonga ubavuni, kwa mshazari, mara nne au tano. Ikaachia.

Tulipoipokea na kuiweka kwenye mwanga, kimya kilitanda. Chini ya sampu, unene wa kidole, kulikuwa na tope jeusi linalong'aa kama lami mpya. Kwenye kona ya nyuma, ambako mkono haufiki kirahisi, tope lilikuwa gumu na la rangi ya kijivujivu. Na juu ya chujio la pampu, lililokuwa likionekana sasa chini ya injini, kulikuwa kumejikunja vitu kama minyoo ya bluu.

"Silikoni," fundi akasema.

Niseme hapa wazi bila kumung'unya maneno: gundi ya silikoni imeua injini nyingi kuliko watu wanavyokiri. Ina kazi yake, na ikipakwa nyembamba mahali pake haina ubaya. Lakini fundi anayekamua bomba lote kuzunguka mdomo wa sampu anasahau kwamba inayojitokeza nje ataiona na kuipangusa, na inayojitokeza ndani hataiona. Hiyo ya ndani hukauka, hukatika, huogelea, na mwisho wa safari yake ni kwenye chujio. Yeyote aliyeifunga sampu hii mara ya mwisho alikuwa ameiacha injini inywe uji kwa mrija uliozibwa nusu.

Katika vibanda vingi, hatua inayofuata ni mwanagenzi kupewa petroli kwenye mkebe na kutumwa nyuma akaoshe. Dakika 10, sampu inarudi iking'aa, na kila mtu anafurahi. Ila kila kitu kinachochanika, kinacholika, kinachovunjika au kinachovuja ndani ya injini mwishowe hudondoka mahali pale chini. Ukiosha bila kutazama umeutupa ushahidi wote.

Fundi huyu alifanya hivi. Alichukua sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu, akaivisha mfuko wa plastiki, akaipitisha polepole ndani ya tope. Alipoitoa ilikuwa imeota manyoya madogo ya kijivu, laini kama vumbi la mkaa. Akaugeuza mfuko ndani nje juu ya sahani nyeupe, akasugua unga ule kati ya vidole vyake. Haukukwaruza. "Hii ni ya kawaida," alisema. "Ringi na mitungi vikisuguana miaka mingi lazima vitoe unga. Ingekuwa na vipande vinavyochoma kidole, ningekuwa na wasiwasi."

Kisha alichota tope kwa kijiko, akalieneza kwenye sahani na kulilegeza kwa dizeli kidogo, akaiinamisha sahani juani. Alikuwa anatafuta rangi. Chembe za njano ya shaba zingemwambia kwamba tabaka laini la juu la beringi limekwisha na shaba iliyo chini yake imeanza kulika, au bushi fulani imechakaa. Chembe nyeupe zisizovutwa na sumaku zingekuwa ama alumini ya pistoni ama ile metali nyeupe ya beringi. Mchanganyiko huo wa bati, antimoni na shaba ulivumbuliwa na Mmarekani Isaac Babbitt mwaka 1839, na ulaini wake ni wa makusudi: uchafu ukipita, unajizika ndani ya beringi badala ya kuikwaruza krenki. Kwenye sahani hakukuwa na njano wala nyeupe. Injini za Land Rover za petroli za mitungi minne kabla ya 1980 zilikuwa na beringi kuu tatu tu zinazobeba krenki, badala ya tano, kwa hiyo fundi hakutaka kubahatisha. Alifungua kofia moja ya konrodi, akatazama beringi yake. Ilikuwa ya kijivu, safi, bila mkwaruzo. Mwalimu aliitazama kwa muda mrefu, akairudisha mkononi mwa fundi bila neno.

Uchunguzi huu wa sahani na sumaku una ndugu yake mkubwa maabara. Katika miaka ya 1940, kampuni za reli nchini Marekani zilianza kuchukua sampuli za oili kutoka injini za dizeli za treni na kuziunguza kwenye spektrometa, kifaa kinachotambua metali kwa rangi ya mwanga inayotoa ikichomwa. Shaba ikiongezeka ghafla, treni inaondolewa njiani kabla haijaharibika. Leo ndege, meli na mitambo ya umeme hupimwa hivyo hivyo. Fundi wa Kianjai hana spektrometa. Ana jua, sahani nyeupe na miaka thelathini ya kutazama.

Tope lenyewe linatoka wapi? Wengi husema ni vumbi la barabarani. Vumbi lipo, hasa hapa penye udongo mwekundu unaoingia kila mahali wakati wa kiangazi, lakini si lenye lawama kubwa. Mkosaji mkuu ni maji, na maji hayo yanatoka kwenye petroli. Petroli ni kaboni na haidrojeni. Ikiungua, haidrojeni inashikana na oksijeni ya hewa na kuwa maji. Ukipiga hesabu, kila lita moja ya petroli inayoungua hutoa karibu lita moja ya maji, kwa umbo la mvuke. Mengi hutoka kwa sailensa, ndiyo maana asubuhi ya baridi bomba linadondosha matone. Lakini kila pistoni inaposhuka, sehemu ndogo ya gesi hupenya kando ya ringi na kuingia kwenye nyumba ya krenki, ikiwa na mvuke, masizi, petroli isiyoungua na gesi zenye asidi.

Injini ikiwa moto sawasawa, mvuke huo haukai. Unatoka kupitia bomba la kupumulia. Injini ikiwa baridi, unagandia kwenye kuta za chuma, unateremka, unachanganyika na oili. Maji, asidi na masizi ndani ya oili iliyokwisha kuchoka: hayo ndiyo mapishi ya tope. Nilimwuliza Mwalimu gari linatembea kiasi gani. Kanisani Jumapili, akasema, na sokoni, na kwa binti yake, kilomita tatu. Alikuwa akilihurumia. Kumbe huruma hiyo ndiyo iliyolijaza tope, maana kwa kilomita tatu injini ya chuma cha kusubu haijaanza hata kupata joto, na petroli ya kuwashia asubuhi ndiyo inayoungua vibaya kuliko zote. Gari linalokwenda Nairobi na kurudi lina oili yenye afya zaidi.

Kuna jaribio ambalo msomaji anaweza kulifanya mwenyewe jioni ya leo. Chomoa kijiti cha kupimia oili, dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe inayonyonya, uiache hadi kesho. Oili za siku hizi zina dawa mbili zinazostahili kujulikana. Moja huua asidi na kusafisha chuma. Ya pili hushika kila chembe ya masizi na kuizuia isiungane na wenzake, hivyo uchafu unabaki ukielea mpaka umwagwe. Kama dawa hiyo bado ina nguvu, tone litatanuka na weusi wake utasambaa ukififia taratibu hadi pembeni. Kama imekwisha, weusi wote utabaki katikati ukiwa na ukingo mkali kama duara la kikombe. Oili nyeusi si lazima iwe oili mbaya: mara nyingi weusi ni alama kwamba inafanya kazi. Tone la Mwalimu, lililodondoshwa kwenye karatasi ya daftari, lilikuwa limebaki nukta ya makaa.

Lile tabaka gumu la kijivu la kona ya nyuma lilinishughulisha zaidi, kwa sababu lina historia ya dunia ndani yake. Gari hili liliundwa miaka ya 1970. Kwa miongo mitatu hivi lilinywa petroli yenye risasi, dawa iliyogunduliwa na Thomas Midgley mwaka 1921 ili injini zisigonge. Risasi hiyo haikuishia hewani tu. Sehemu yake ilipenya kando ya ringi kama gesi nyingine na kutulia kwenye oili. Mwezi Juni 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana jijini Dakar kuachana nayo, na mwishoni mwa 2005 petroli ya risasi ikaondoka kwenye vituo vya mafuta vya eneo hili. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, Julai 2021, na tangazo la kufunga ukurasa huo lilitolewa na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako Gigiri, Nairobi. Lakini sampu ambayo kona yake haijaguswa tangu kabla ya 2005 inaweza kuwa bado ina risasi hiyo. Risasi huharibu akili za watoto. Kwa hiyo tope kavu la injini kuukuu halikwanguliwi kwa brashi ya waya likiwa kavu, wala halipulizwi kwa kompresa. Huloweshwa kwanza, mikono ikiwa na glavu, na watoto wakiwa mbali.

Ndipo ukaja wakati wa kuosha. Fundi hakutumia petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni hadi kwenye jiko la jirani. Alitumia dizeli, akaiacha sampu ilowe nusu saa, akakwangua kwa kipande cha mti ili asiikwaruze, akasugua kwa brashi, akamalizia kwa maji moto na sabuni ya unga, kisha akaianika juani mpaka ikakauka hata kwenye mikunjo. Alikataa pamba. Nyuzi zake hubaki, na nyuzi ni chakula kingine cha chujio. Chujio lenyewe alilitoa, akatoa minyoo ya bluu mmoja mmoja kwa kibano, akaliosha, akaliinua mbele ya jua: kila tundu lilikuwa nyota.

Kisha akaushughulikia mdomo wa sampu. Bolti zikikazwa kupita kiasi, bati hubonyea kila penye tundu na kuinuka katikati, hivyo gasketi inabanwa kwenye matundu tu. Aliulaza mdomo juu ya reli fupi ya chuma, akagonga kila tundu kwa nyundo ndogo mpaka rula iliyowekwa juu yake haikupitisha mwanga.

Washa ya shaba ya plagi ndiyo iliyonifurahisha kuliko yote. Mwanagenzi aliiweka kwenye jiko la makaa, ikageuka nyekundu, akaichovya ndani ya maji. Ilipoingia jikoni ilikuwa ngumu. Ilipotoka ilikuwa laini kiasi cha kupinda kwa vidole. Shaba ni fuwele nyingi ndogo zilizopangwa. Ukiibana, mpangilio unavurugika na fuwele zinazuiana, shaba inakuwa ngumu na haiwezi tena kujaza mikwaruzo midogo ya plagi. Joto huzipa nafasi ya kujipanga upya. Kwa chuma cha pua cha kisu, kukitumbukiza kwenye maji kungekifanya kigumu. Kwa shaba, maji yanaipoza tu, hayaigeuzi. Kijana yule hakuwa amesoma hayo, lakini alijua ni nyekundu kiasi gani inatosha.

Gasketi mpya ilipakwa grisi nyembamba tu. Bolti zilitiwa zote kwa vidole kwanza, kisha zikakazwa kwa mshazari, raundi tatu, kwa spana fupi ili mkono usipate nguvu ya kuharibu. Oili mpya ya 20W-50 ikamiminwa.

Ilibaki ile ya zamani, lita 6 kwenye karai. Katika sehemu nyingi za Kenya oili chafu hupakwa nguzo za ua ili mchwa wasile, au humwagwa uani kutuliza vumbi. Naelewa sababu, na mchwa wa huku kwetu Tigania si wa kubembelezwa. Lakini oili iliyotumika ina kemikali zinazosababisha saratani ya ngozi, tena ni jambo lililothibitishwa: shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeyaweka mafuta ya madini yasiyosafishwa kwenye kundi la kwanza la visababishi. Na shirika la mazingira la Marekani, EPA, hueleza kwamba oili ya badiliko moja tu la gari inaweza kuharibu maji matamu galoni milioni moja. Maji ya mvua ya Kianjai hayakai Kianjai. Yanateremka kwenda kwa watu wengine. Kanuni za taka za Kenya zinaihesabu oili chafu kuwa taka hatari, inayopaswa kuchukuliwa na watu wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya nchi. Fundi huyu ana pipa lenye kifuniko nyuma ya kibanda, na anapojaza analiuza. Aliimimina humo, pamoja na dizeli ya kuoshea.

Gari liliwashwa saa tisa. Fundi alikuwa amefunga geji kwa muda kwenye tundu la swichi ya taa, na injini ilipopata moto sindano ilitulia juu kidogo ya pauni 40. Mwalimu akashika mlima wa Muthara, akarudi baada ya dakika arobaini. Taa haikuwaka. Alilipa gasketi, oili na kazi ya siku moja. Fundi alimwagiza mambo mawili: oili hiyo aimwage baada ya kilomita 1,000 tu, kwa kuwa itakuwa imeng'oa tope lililobaki kwenye vijia, na mara moja kila wiki alipeleke gari mwendo wa nusu saa bila kusimama.

Nawe mwenye gari kuukuu, iwe Land Rover, Peugeot 504 au Datsun ya babu, siku sampu yako itakaposhushwa, uwepo hapo. Mwambie fundi, kwa heshima zote, asiioshe kwanza. Beba sumaku na sahani nyeupe.